Ukuta wa Katikati

Mikindani ni mji ambao mgeni huuona vibaya akipita kwa basi. Barabara itokayo Lindi kwenda Mtwara inaambaa na ghuba, na kwa dakika chache utaona mikoko, mitumbwi iliyolala ubavu maji yakiwa yametoka, na magofu mawili matatu yenye miti iliyoota ukutani. Kisha umekwisha kupita, na baada ya kilometa kama kumi uko Mtwara mjini. Wengi huondoka wakiamini kwamba wameona mji uliokufa. Sisi tunaokaa humo tunajua kwamba ndani ya baadhi ya kuta hizo watu wanapika, wanalala, wanashona nguo kwa cherehani, na katika nyumba moja iliyojificha kidogo nyuma ya barabara, wanasoma vitabu.

Kuiita maktaba ni kuipa heshima. Ilikuwa duka, tena duka la zamani, lenye vyumba viwili vya mbele, baraza ndefu linalotazama njia, na ua nyuma wenye kisima kilichofukiwa. Wenyewe walihamia mbali, na warithi wao walikubali itumiwe na watoto wa mtaa kuliko kuachiwa popo. Vitabu vilikuja kidogo kidogo: vya kiada vilivyopitwa na mitaala, vitabu vya dini, riwaya zilizokatika majalada, magazeti. Hakuna kibao mlangoni. Ukiuliza njia, mwambie mtu "kule kwenye vitabu" na atakuelekeza.

Ieleweke kwamba hii haikuwa kazi ya serikali, wala silalamiki kwa hilo. Nchi yetu ilianza mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Sheria ya kuunda bodi ya huduma za maktaba ilitungwa mwaka 1963, uhuru ukiwa bado mbichi, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere mwenyewe alifungua Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam. Nia ilikuwa kushuka kutoka Dar es Salaam hadi mikoani, na kutoka mikoani hadi wilayani na vijijini. Mikoani ilifika, na Mtwara mjini ina maktaba yake ya mkoa. Lakini kilometa kumi ni nyingi kwa mtoto wa darasa la tano asiye na nauli, na ni nyingi zaidi kwa mama mwenye samaki wa kukaanga jioni. Chumba cha mtaani hakishindani na maktaba ya mkoa. Kinamhudumia yule ambaye hatafika huko.

Ni nani hao? Mtu aliye mbali hudhani ni watoto wanaotafuta hadithi. Wako, lakini si wengi. Walio wengi ni wanafunzi wa sekondari wanaokuja na madaftari yao wenyewe, hawagusi rafu hata kidogo. Wanachotafuta ni meza, mwanga, na mahali ambapo hakuna mtu atakayewatuma dukani. Wakutubi wa nchi hii wamelizungumza jambo hili kwa miaka mingi, wengine kwa masikitiko, kana kwamba msomaji asiyeazima kitabu amewadanganya. Mimi sioni ubaya wake. Nyumba yenye watu tisa na taa moja haina pembe ya kusomea, na meza tupu yenye utulivu ni huduma kamili kwa mtoto atokaye katika nyumba hiyo. Baada yao wako wazee wa magazeti, ambao hawaingii ndani. Hukaa barazani, mmoja akasoma kwa sauti, wengine wakasikiliza na kubisha.

Halafu yuko bibi mmoja ambaye nitamtaja tena. Yeye alijifunza kusoma ukubwani, katika kisomo cha watu wazima cha miaka ya 1970. Vijana hawajui jambo hilo lilikuwa kubwa kiasi gani. Katika miaka ya 1960 kiasi cha watu wazima wawili katika kila watatu hawakujua kusoma na kuandika. Ilipofika mwaka 1986 takwimu za serikali zilionesha kwamba wamebaki kama mmoja katika kumi. Lakini kusoma ni kama jembe, lisipoingia shambani linashika kutu. Wengi waliofuzu hawakuwa na cha kusoma baada ya vile vijitabu vya kilimo bora na ufugaji wa kuku, na wengine wakarudi walikotoka. Bibi huyu hakurudi, kwa sababu ya ukaidi wake. Alikuwa na kijitabu kimoja cha kuku, akakisoma mpaka kikaisha kurasa, ndipo akaja kwetu kuuliza kama tunacho kingine.

Nyumba ilianza kutusema mwaka wa mvua nyingi. Lipu ya ukuta wa mashariki ilivimba, ikapasuka, ikaanguka usiku juu ya rafu ya chini. Nyuma yake jiwe lilikuwa limelowa na kutoa unga mweupe wa chumvi, unaoweza kuufuta kwa kidole na kuuonja. Vitabu vya rafu ile viligandamana. Katika chumba cha ndani boriti mbili zilikuwa zimeliwa na mchwa pale zinapoingia ukutani, mahali ambapo jicho halifiki. Tukaitisha kikao, na kamati ikaamua mambo mawili kwa pamoja: nyumba itengenezwe, na kwa kuwa lazima itengenezwe, basi iongezwe, maana wakati wa mitihani watoto walikuwa wakikaa sakafuni hadi mlangoni.

Hapo ndipo alipotokea mfadhili. Sitamtaja, wala hakuwa mtu mbaya. Alikuja na mchoro uliopigwa vizuri kwenye karatasi kubwa, na fedha za kuutekeleza. Katika mchoro ule ukuta wa katikati, unaotenga vyumba viwili vya mbele, ulikuwa umefutwa ili upatikane ukumbi mmoja mpana. Baraza lilikuwa limezibwa kwa vioo na kuwa chumba cha kompyuta chenye kiyoyozi. Kuta zote zilikuwa zimepigwa lipu ya saruji na kupakwa rangi ya mafuta, nyeupe kama maziwa. Kwa kweli ilipendeza. Vijana wa kamati waliitazama ile karatasi kama watu wanaotazama bahari kwa mara ya kwanza.

Fundi wetu ni mtu wa hapa hapa Mikindani. Alipokuwa kijana alipata kibarua katika ukarabati wa Boma, lile jengo ambalo Wajerumani walilijenga mwaka 1895 mlimani juu ya mji, na ambalo mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la hisani la Kiingereza, Trade Aid, lilianza kulifufua na kulifanya hoteli. Kazi ile iliwafundisha vijana wengi wa mji namna ya kushika jiwe la matumbawe na chokaa, ufundi ambao babu zao walikuwa nao na baba zao walikuwa wameuacha. Fundi aliitazama karatasi ya mfadhili kwa muda mrefu, akaikunja polepole, akanirudishia.

"Mwalimu," akasema, "ukuta huu si pazia."

Nikamwambia afafanue mbele ya kamati, kwa maana mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuanza kuupenda ule ukumbi.

Akatueleza. Nyumba ya mawe ya pwani haina nguzo wala zege lenye nondo. Dari ya chumba cha ndani imelala juu ya boriti za mikoko, na juu ya boriti kuna mawe madogo na chokaa iliyopondwapondwa, uzito mkubwa sana. Boriti ya mkoko haina urefu wa kupenda; mti wenyewe ndio unaoamua. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizi, iwe Kilwa, iwe Lamu, iwe kwetu, ni virefu lakini vyembamba, upana wa mita tatu hivi au pungufu, na kila baada ya chumba kuna ukuta mnene. Mtu hudhani wazee walipenda kujibana. La hasha, walikuwa wakipima chumba kwa mti. Ukuta wa katikati ndio unaopokea ncha za boriti kutoka pande zote mbili. "Ukiutoa," fundi akasema, "dari inakuja chini, na vitabu vyako, na wanafunzi wako."

Kijana mmoja akauliza kama haiwezekani kuweka boriti ya chuma mahali pa ukuta. Inawezekana, fundi akajibu, kwa mhandisi na kwa fedha, na chuma chenyewe utakilinda vipi na hewa ya bahari iliyo hatua mia moja kutoka hapa? Mabati ya mji huu yanajua jibu.

Suala la saruji lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu saruji imekuwa jirani yetu. Tangu mwishoni mwa mwaka 2015 kiwanda cha Dangote kinazalisha saruji pale Msijute, si mbali na sisi, na kiwanda hicho kilijengwa kwa uwezo wa tani milioni tatu kwa mwaka. Anayejenga nyumba mpya Mtwara leo ana neema ambayo baba yake hakuwa nayo. Sasa utamwambiaje mtu aiache saruji iliyo mlangoni, akaagize chokaa ya mifuko kutoka mbali?

Sababu yenyewe ni hii, na niliielewa vizuri nilipouona ule ukuta wa mashariki ukiwa umevuliwa. Jiwe la matumbawe limejaa vitundu. Hunyonya maji kutoka ardhini, na maji ya pwani yana chumvi. Ukuta wa chokaa huyapokea maji hayo na kuyatoa tena nje kama mvuke. Unapumua, kama mafundi wasemavyo. Lipu ya chokaa huchakaa kwa kazi hiyo, na kila baada ya miaka kadhaa lazima ipakwe upya, ndivyo ilivyokusudiwa. Lipu ya saruji haipumui. Maji hupanda nyuma yake, hayapati njia, chumvi hujikusanya na kuwa chembe ngumu, na chembe hizo huvimba na kulivunja jiwe lenyewe. Ile lipu iliyoanguka juu ya rafu yetu ilikuwa ya saruji, iliyopigwa na mtu mwema katika miaka ambayo hakuna aliyekumbuka kuuliza. Nyumba ambayo ingedumu mamia ya miaka huweza kuoza ndani ya miaka ishirini kwa sababu ya vazi zuri.

Basi chokaa. Lakini hapa tena palikuwa na mwiba, na yeyote anayewasifu wazee kwa kila jambo ajiandae. Chokaa ya zamani ilitoka baharini. Watu walivunja matumbawe, wakayapanga juu ya magogo kwa duara, wakayachoma usiku kucha, kisha wakayamwagia maji hadi yakawa unga. Katika ghuba yetu kazi hiyo iliendelea hadi miaka ya karibuni, na miamba ya samaki imeonesha madhara yake. Mwaka 2000 serikali ilitenga Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kuanzia karibu nasi hadi mpakani na Msumbiji, kwa sababu hizo na nyinginezo. Mvuvi aliyekuwa mjumbe wa kamati alisimama akasema, kwa haki kabisa, kwamba hatakubali samaki wake wageuzwe kuwa lipu ili watoto wasome habari za kutunza mazingira. Hakuna aliyeweza kumjibu. Tukakubaliana: mawe yatatoka katika magofu yaliyoanguka yenyewe, kwa idhini ya wenyewe, na chokaa itanunuliwa ya viwandani, iliyochomwa kwa mawe ya nchi kavu, na kulowekwa kwetu shimoni kwa miezi kabla ya kutumika. Ni ghali, na ni polepole.

Habari ya baraza haikuwa ya kifundi. Vijana walitaka vioo. Walisema, na sikuona kosa katika maneno yao, kwamba mtoto wa Mikindani naye anastahili kukaa mbele ya kompyuta katika chumba chenye ubaridi, kama mtoto wa Dar es Salaam. Kwamba kila linapokuja jambo jipya wazee huanza kuzungumzia urithi. Na kwamba wazee wa magazeti wanaweza kuhamia chini ya mwembe. Mzee mmoja akakasirika akaondoka. Bibi wa kijitabu cha kuku hakuondoka. Alikaa kimya mpaka mwisho, ndipo akasema:

"Wanangu, mimi miezi sita ya kwanza sikuingia humu ndani. Nilikaa pale barazani nikijifanya napumzika. Nilikuwa nasikiliza wanavyosoma, nipime kama nitaweza. Pangekuwa na kioo ningepita zangu."

Nimesoma maandiko kadhaa kuhusu maktaba, lakini sijakuta mahali palipoeleza kazi ya baraza kwa ufupi kuliko hivyo. Mlango wa maktaba unamtisha mtu asiye na hakika na kusoma kwake, kama vile mlango wa benki unavyomtisha asiye na akaunti. Baraza linampa ruhusa ya kuwapo bila kuulizwa shida yake.

Katika siku hizo za mabishano nilikuwa nikifuatilia habari za Nairobi. Huko kuna maktaba ya McMillan, jengo la mawe lenye nguzo kubwa lililofunguliwa mwaka 1931, lililojengwa na mjane kwa kumkumbuka mumewe, na ambalo kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kusoma ndani yake. Baadaye jiji lililichukua, likafunguliwa kwa watu wote, na likapata matawi mawili upande wa mashariki wa mji, Kaloleni na Makadara. Kaloleni ni mtaa wa nyumba zilizojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, na maktaba yake ni ndogo, ya watu wanaofika kwa miguu. Mwaka 2017 wanawake wawili, Wanjiru Koinange ambaye ni mwandishi na Angela Wachuka ambaye ni mchapishaji, walianzisha shirika liitwalo Book Bunk, wakaingia makubaliano na serikali ya kaunti ili wazifufue maktaba hizo tatu. Kilichonivutia ni mahali walipoanzia. Jengo kubwa la katikati ya jiji ndilo lenye sifa, lenye sheria yake ya bunge, na ndilo ambalo wafadhili wangependa kupigwa picha mbele yake. Wao walianza na matawi. Walikwenda mtaani kuuliza watu wanachohitaji, wakatengeneza Kaloleni, kisha ile ya Makadara, kabla ya kuligusa lile kubwa. Miaka michache baadaye, mwezi Oktoba 2023, Mfalme Charles wa Uingereza alipozuru Kenya alipelekwa Makadara, kwenye tawi. Mwaka 2025 filamu ya Maia Lekow na Christopher King iliyofuata kazi hiyo kwa miaka mingi ilioneshwa Marekani, katika tamasha la Sundance, na haifichi jinsi wanawake hao walivyochoka kwa vikao, ahadi na kutafuta fedha.

Niliwasomea wajumbe habari hizo. Kijana wa vioo akasema Kaloleni ina Nairobi nyuma yake, sisi tuna nani? Swali zuri. Hata Boma letu limesimama kwa sababu wageni hulipia vitanda. Wako wazee wanaonung'unika kwamba lingefaa kuwa shule, lakini shule isingelipaka chokaa kila baada ya miaka michache. Maktaba haina mgeni wa kulipa. Ndipo nikawaeleza habari ya Andrew Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani, ambaye yeye na taasisi yake waligharimia maktaba zaidi ya 2,500 duniani kati ya miaka ya 1880 na 1920. Mji uliotaka fedha zake ulitakiwa kutoa kiwanja, na kuahidi kila mwaka kutoa sehemu ya kumi ya gharama ya jengo kwa ajili ya matunzo, vitabu na mishahara. Asiyeahidi hakupewa. Watu walimlaumu Carnegie kwa mengi, hasa jinsi wafanyakazi wa viwanda vyake walivyotendewa, lakini katika jambo hili alijua anachosema: jengo ni gharama ya siku moja, na maktaba ni gharama ya kila siku.

Tukampelekea mfadhili wetu swali moja: kiyoyozi kikiharibika mwaka wa pili, nani atakitengeneza? Akajibu kwa uungwana kwamba mradi wake ulikuwa wa ujenzi tu. Tulimshukuru, tukamwomba atusaidie kwa chokaa na mbao badala ya vioo. Akasema hilo halikuwa katika mpango wake, na fedha zake zikaenda mahali pengine. Siku ile wengi wa kamati hawakunisalimia. Wawili walijiuzulu, na mmoja wao mpaka leo anaamini tuliwanyima watoto kompyuta kwa sababu ya jiwe. Simwiti mjinga. Watoto wale waliokuwa kidato cha tatu wamekwisha kumaliza shule bila kuziona.

Kilichofanyika kilifanyika kwa michango. Kwetu michango ina msimu wake. Kabla ya Oktoba usimwombe mtu, subiri minada ya korosho. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007 mkulima hungoja malipo yake kupitia chama cha msingi, na wakati mwingine hungoja sana, kwa hiyo ahadi za Novemba hulipwa Februari. Walioshindwa kutoa fedha walitoa siku za kazi. Ukuta wa katikati ulibaki, na fundi alitoboa humo mlango mmoja mwembamba wenye tao, baada ya kuegemeza boriti kwa magogo siku kumi na moja, hakuna aliyepumua. Boriti zilizoliwa zilibadilishwa. Nyongeza tuliijenga nyuma, uani, juu ya kile kisima kilichofukiwa: chumba kirefu chenye upana ule ule wa chumba cha kale, ingawa paa lake ni la bati na mbao na hakikulazimika kuwa chembamba. Fundi ndiye aliyeshikilia hivyo. Alisema chumba chembamba kina dirisha karibu na kila meza. Ni kweli, upepo wa kusi unapita moja kwa moja, na mwanafunzi haitaji taa mpaka magharibi.

Paa tulilifunga kwa kamba za chuma hadi ndani ya ukuta. Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja, shule na ofisi za Mtwara zilifungwa na watu wakaambiwa wahame. Kikageukia Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, na kufanya maafa huko. Wazee walikumbuka simulizi za kimbunga cha mwaka 1952 kilichoipiga pwani ya kusini. Tangu hapo hakuna mtu mwenye akili hapa anayeweka bati kwa misumari tu.

Rafu za chumba cha nyuma haziko ukutani. Zimesimama kiganja kimoja mbali nao, hewa ipite, na miguu yake iko ndani ya makopo ya mafuta machafu kwa ajili ya mchwa. Hazivutii kutazama. Rafu moja tumeiacha kwa vitu vya kwetu, na ndiyo iliyo tupu kuliko zote. Mtu wa Lindi, Abdul Karim bin Jamaliddini, alitunga utenzi mrefu kuhusu vita vya Maji Maji, uliochapishwa kitabu mwaka 1957. Ni nani katika watoto wetu amewahi kuushika? Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Lindi, Masasi na Newala akikusanya vinyago, ngoma, picha na sauti za watu kwa mashine ya kunasia sauti, na vitu hivyo viko Ujerumani. Sauti za babu za watu ninaowasalimia asubuhi ziko kwenye sanduku Ujerumani, na huku katika masanduku ya nyumbani, chini ya kanga, kuna barua na mashairi kwa hati za Kiarabu ambazo wenye nyumba hawawezi tena kuzisoma na wanaogopa kuzitoa. Nimewaomba watatu walete tuzione tu, tuzipige picha, wazirudishe. Mmoja amekubali. Bibi anasema wawili waliobaki watakuja wenyewe, nisiwafuate nyumbani. Nikae barazani wanione.

Ukuta wa mashariki bado haujapigwa lipu. Chokaa yake iko shimoni imefunikwa kwa magunia yaliyolowa, na fundi hataki iguswe mpaka mvua ziishe. Wanafunzi wameanza kuandika majina yao kwa makaa juu ya mawe yaliyo wazi, na nimewaacha, kwa kuwa yatafunikwa.